Kosa la Herufi Moja

Mchoraji wa mabango aliniuliza mara mbili. Alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, kopo la rangi nyekundu limening'inia kwenye msumari, na mimi chini nimeshika karatasi yenye maneno ya kuandikwa. "Una uhakika, boss?" Nikamwambia nina uhakika. Nilikuwa nimekaa chuo kikuu miaka miwili na nusu, tena nikisomea ualimu wa Kiingereza na fasihi. Nani angenifundisha tahajia? Basi akachora. Herufi kubwa, kivuli cha manjano kwa nyuma, kazi safi kabisa: PHOTOCOPY, PRINTING, BINDING & STATIONARY.

Siku tatu baadaye picha ya bango hilo ilikuwa kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa letu. Nasema letu, ingawa mimi nilikuwa nimeshaondoka chuoni. Hakuna aliyekumbuka kunitoa kwenye grupu. Chini ya picha mtu aliandika kwamba hilo duka linauza vitu visivyosogea. Wakacheka. Emoji za machozi zikapangana kama matatu kwenye foleni. Kisha mmoja wao, jamaa niliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza, akaandika: "Si huyo ndiye alidropu? Sasa mnaelewa."

Niliisoma hiyo meseji simu ikiwa chini ya kaunta ili mwenye duka asinione. Sikujibu. Kulikuwa na mteja anangoja kopi 40 za fomu, na mashine ilikuwa imeanza kula karatasi.

Niseme ukweli kidogo hapa. Sikufeli mtihani wala sikufukuzwa. Karo ilikwama, basi. Mamangu anauza mboga, na kuna semista moja ambayo mboga hazikutosha. Nikasema nitaahirisha, nitarudi semista ijayo. Nikapata kazi kwenye duka la fotokopi nje ya geti la chuo, nikidhani ni ya miezi minne. Semista ijayo ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Nilikuwa nimesimama palepale getini, natazama wenzangu wakiingia na kutoka. Kwa hiyo lile neno lilipokuja na herufi A badala ya E, liliniuma mahali ambapo wenye kucheka hawakujua. Bango lilikuwa limesema jambo la kweli kunihusu.

Ndipo nikaanza kulifuatilia hilo neno. Kati ya mteja na mteja, kwenye ile kompyuta ya dukani yenye kibodi isiyo na herufi Q, nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba maneno mawili yenye maana tofauti hivi yatenganishwe na kaherufi kamoja. Nilidhani nitakuta sadfa, vile maneno mengine hugongana tu kwa sauti. Sikukuta sadfa.

*

Tuanze na maana. *Stationary*, kwa A, ni sifa: kilichosimama, kisichosogea. Gari lililoegeshwa. Thika Road saa kumi na mbili jioni. *Stationery*, kwa E, ni nomino: karatasi, kalamu, bahasha, faili, wino, gundi. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa na mbinu yake: E ni ya *envelope*, A ni ya *parked*. Alitukaririsha darasa zima, na nikasahau siku moja tu, siku ya mchoraji.

Masikioni ni neno moja. Mwingereza akiyatamka yote mawili huwezi kuyatenganisha, na ndiyo maana kosa hili liko kwenye mabango ya mitaa mingi tu ya miji yetu. Mtu anaandika anachosikia. Na Kiswahili kisijifanye kitakatifu: vifaa vya kuandikia ni shajala, na jirani yake wa karibu ni shajara, kile kitabu unachoandikia mambo ya kila siku. Sisi tuliolelewa kwa nyanya zetu, ambako R na L hubadilishana viti bila kuulizana, tulizipoteza alama kwa jozi hiyo hadi tukazoea.

Lakini shajara na shajala ni majirani tu. *Stationary* na *stationery* ni ndugu wa tumbo moja, na tumbo lenyewe ni la Kilatini.

Kitenzi ni *stare*, kusimama. Kutokana nacho Warumi walikuwa na *statio*: kwanza ni ile hali ya kusimama, kisha ni mahali pa kusimama, kisha ni kituo au kambi ndogo. Askari waliowekwa kwenye vituo vya barabarani kulinda njia waliitwa *stationarii*, watu wa kituo. Hakuna karatasi hapo wala kalamu. Ni mtu tu na mahali pake.

Ukishaujua ukoo huu utaukuta Nairobi nzima. Stesheni ni wake, na stesheni ndiyo iliyozaa mji huu, maana kabla ya reli kufika hapa mwaka wa 1899 hapakuwa na mji wa kutajwa. Steji unaposubiri matatu ni wake pia: *stage* iliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni *stare*. Esteti unayolipia kodi, na ile *state* iliyo kwenye jina la State House, zote zimetokana na *status*, yaani jinsi kitu kilivyosimama. Kwa hiyo ukitoka kwenye esteti ukaenda steji ukashuka stesheni, umeshinda siku nzima ndani ya kitenzi kimoja, na bado hujafika popote.

*

Sasa, kusimama kumeingiliana vipi na kalamu?

Jibu liko kwa wachuuzi. Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa na wauzaji wa kutembea kama sisi tulivyo na mahoka wetu. Mtu alibeba mzigo mgongoni, akaenda kijiji kwa kijiji na soko kwa soko, leo yuko hapa kesho hayupo. Aliyekuwa na kibanda cha kudumu, aliyepatikana mahali palepale leo na kesho, alikuwa mtu wa pekee kidogo. Kwa Kilatini cha wakati huo aliitwa *stationarius*: aliyesimama. Jina lake halikutokana na bidhaa. Lilitokana na anwani.

Na ni nani hasa aliyehitaji muuzaji wa kusimama mahali pamoja? Hapa nilipofika nikaacha mteja akipiga kaunta kwa sarafu, maana jibu lilikuwa: wanafunzi wa chuo kikuu.

Karne ya 12 na ya 13, vyuo vya kwanza vya Ulaya vilikuwa vinajijenga: Bologna kwa sheria, Paris kwa theolojia, na Oxford kule Uingereza. Vijana walitoka mbali kuja kusoma, na kusoma kulitaka vitabu. Tatizo ni kwamba mashine ya kupiga chapa haikuwapo Ulaya. Biblia ya Gutenberg ilikuja katikati ya miaka ya 1450. Kabla ya hapo kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, mara nyingi juu ya ngozi ya kondoo au ndama, na kukinakili kitabu kikubwa ilikuwa kazi ya miezi. Kitabu kimoja, wanafunzi mia. Mnaelewa ninapoelekea.

Wale *stationarii* wakapata suluhu. Walichukua nakala moja iliyohakikiwa, wakaiacha bila kuijalidi, imegawanywa vipande vipande. Kila kipande kiliitwa *pecia*, jamaa wa neno la Kiingereza *piece*, na kwa kawaida ya Paris kilikuwa na karatasi nne, yaani kurasa nane. Mwanafunzi hakukodi kitabu kizima. Alikodi kipande cha kwanza, akakinakili mwenyewe au akamlipa mwandishi amnakilie, akakirudisha, akachukua cha pili. Wakati yeye ana cha pili, mwingine ana cha kwanza na mwingine ana cha saba. Kitabu kimoja kinanakiliwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Nilisoma hayo nikageuka kutazama rafu nyuma yangu. Pale kuna faili 30 hivi, kila moja ina jina la kozi. Ndani yake kuna noti ambazo wahadhiri wanatuachia, masta kopi, nazo haziruhusiwi kutoka dukani. Mwanafunzi anakuja: "Nitolee chapta mbili peke yake, hizo zingine nitakuja Ijumaa nikipata doo." Namtolea chapta mbili. Ijumaa anarudi, au harudi. Nilikuwa nafanya kazi ya karne ya 13 na mashine ya Kijapani, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Ila wenzangu wa zamani walikuwa na heshima zaidi, na presha zaidi. Hawakuwa watu wa pembeni ya chuo. Walikuwa chini ya mamlaka yake. Paris, kwa kanuni za mwaka wa 1275, walikula kiapo mbele ya chuo. Chuo ndicho kilichopanga bei ya kukodi kila kitabu ili wanafunzi wasikamuliwe, na orodha za bei za Paris za karne hiyo na za mwaka wa 1304 zipo hadi leo. Bologna walikuwa na wakaguzi wa vipande, kazi yao kupitia nakala za madukani na kutafuta makosa. Duka likikutwa linakodisha nakala yenye makosa, linatozwa faini.

Sababu yake ni rahisi. Kosa kwenye masta kopi si kosa moja. Linanakiliwa na kila anayekodi, na wanaonakili kutoka kwao, hadi mwanasheria mahali fulani anasimama mahakamani na kusoma kitu ambacho hakikuandikwa na mtunzi. Kuhusu herufi, wale watu hawakuwa na mzaha. Nilifikiria bango langu nikashukuru kwamba Bologna ni mbali.

*

Neno lilivuka bahari likafika Uingereza, na karne ya 14 tayari walikuwapo watu walioitwa *stationer*. London walikusanyika karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Mwaka wa 1403 waandishi wa vitabu, wachoraji wa kurasa, wajalidi na wauzaji walikubaliwa na wakuu wa jiji kuwa na chama chao. Yaani wakaungana, kama jua kali wenye sako.

Kisha mitambo ikaingia. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka wa 1476, na katika miaka mia iliyofuata serikali ikagundua kwamba karatasi iliyochapwa inaweza kumsumbua mfalme. Ilihitaji mlinzi. Tarehe 4 Mei 1557, Malkia Mary na mumewe Philip wakakipa chama cha *stationers* hati ya kifalme. Kuanzia hapo, ukiacha waliokuwa na kibali maalumu cha kifalme, hakuna mtu aliyeruhusiwa kupiga chapa Uingereza asipokuwa mwanachama. Chama kikapewa uwezo wa kupekua maduka na nyumba, kukamata vitabu na kuvunja mitambo. Wenye vibanda wakawa kanjo.

Walikuwa na daftari. Mwanachama akitaka kuchapa kitabu alikiandikisha humo, akalipa ada, na tangu siku hiyo kitabu kilikuwa chake. Zile tamthilia za Shakespeare zilizokusanywa katika kitabu kimoja mwaka wa 1623, zile ambazo hazikuwa zimeandikishwa kabla, ziliingizwa kwenye daftari tarehe 8 Novemba mwaka huo. Chini ya majina ya nani? Ya muuza vitabu na mchapaji. Shakespeare alikuwa amekufa miaka saba kabla, lakini hata angekuwa hai isingebadilisha kitu. Daftari halikuwa la waandishi. Mwandishi aliuza maandishi yake mara moja, akaenda zake.

Kama na wewe unaandika kwa kulipwa, sikiliza hii. Mwaka wa 1644 John Milton alitoa kijitabu, *Areopagitica*, kupinga sheria ya kwamba vitabu vipate kibali kabla ya kuchapwa, na kijitabu chenyewe alikichapa bila kibali. Ni mtu aliyejua thamani ya maneno. Mwaka wa 1667, akiwa kipofu, akauza utenzi wake mkubwa, *Paradise Lost*, kwa mchapaji Samuel Simmons. Alipewa pauni 5 mkononi, na ahadi ya pauni 5 nyingine nakala 1,300 za kwanza zikiisha. Alipokufa mwaka wa 1674 alikuwa amepata pauni 10 kwa jumla. Mjane wake akauza haki zilizobaki kwa pauni 8. Mimi huandikia watu makala usiku, zingine zinatoka bila jina langu, na nikilalamika huwa najikumbusha Milton. Hainisaidii kulipa kodi, lakini inanipa kampani.

Sheria ya vibali ilikufa mwaka wa 1695, Bunge lilipokataa kuiongeza muda. Mwaka wa 1710 ikaja sheria tunayoijua kwa jina la Malkia Anne, na kwa mara ya kwanza sheria ya Uingereza ikasema haki ya kunakili kitabu kipya inaanza kwa mwandishi: miaka 14, na mingine 14 ikiwa bado yuko hai. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 ni mjukuu wa wazo hilo.

Na hapo sina budi kujitazama. Duka letu linatoa kopi za noti za wahadhiri kwa ruhusa yao, sawa. Lakini kuna vitabu vya kiada pia. Mwanafunzi anakuja na kitabu cha maktaba, anataka sura tatu, halafu anafikiria anasema, "Aki toa chote tu." Kitabu kinauzwa 2,800, kopi nzima inamgharimu 600. Mimi ni mwandishi nikishika kalamu, na ni mwizi wa waandishi nikishika mashine, ndani ya siku moja, kwenye kiti kimoja. Najua mwanafunzi hana 2,800. Nilikuwa yeye. Najua pia mwenye kitabu hatapata hata ndururu kutoka kwa hizo 600. Siku hizi nakataa kutoa kitabu kizima, na mwenye duka hanipendi siku hizo. Wanafunzi nao wanavuka barabara wanaenda duka la pili.

*

Turudi kwa A na E.

Kile kikundi cha watu wa vitabu hatimaye kilipasuka. Aliyetoa vitabu akawa mchapishaji, aliyeviuza akawa muuza vitabu, aliyevipiga chapa akawa mchapaji. Jina la kale, *stationer*, likabaki mikononi mwa yule ambaye hakuwa na jina jingine: muuza karatasi, wino na kalamu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka wa 1755 bado aliziweka maana zote mbili za *stationer*, muuza vitabu na muuza karatasi. Leo ya kwanza imekufa, imebaki ya pili.

Kutokana na jina la mtu ndipo likaja jina la bidhaa, kati ya karne ya 17 na ya 18. Zilikuwa bidhaa za *stationer*, basi zikaitwa *stationery*, kwa mwisho uleule unaouona kwenye *grocery* na *bakery*: muuzaji ana *-er*, ongeza *y*. Hiyo E si pambo. Ni kisogo cha muuzaji kinachoonekana ndani ya neno. Ile sifa yenye A ilikuwa imeshaingia Kiingereza tangu Zama za Kati, moja kwa moja kutoka kwa Kilatini *stationarius*, na A yake ni A ya *-arius*. Maneno mawili, njia mbili, babu mmoja.

Na kwa muda mrefu Waingereza wenyewe hawakushika mstari. Tahajia zao zilikuwa zinacheza, na bidhaa za karatasi ziliandikwa kwa A mara nyingi tu. Serikali yao ilipoanzisha ofisi ya kununua na kugawa karatasi mwaka wa 1786, jina lake lilikuja kutulia kwenye E, na kamusi na shule zikaitia muhuri desturi hiyo. Kwa maneno mengine, yule mchoraji wangu angekuwa London miaka 300 iliyopita, bango lake lingepita bila mtu kutoa kicheko.

Nilipofika hapo nilifurahi kwa siku moja hivi. Nilitaka kurudi kwenye grupu na kuwamwagia yote hayo: Bologna, Paris, 1557, Johnson. Niliandika nusu ya meseji. Kisha nikaifuta, kwa sababu ukweli ni kwamba sikuandika A kwa kuwa nilijua historia. Niliandika A kwa kuwa nilikosea. Historia inaeleza kosa langu, haigeuzi kuwa usahihi. Wale wakaguzi wa Bologna wangenitoza faini vilevile.

Nikatoka kwenye grupu kimyakimya.

*

Mei iliyofuata ilikuwa msimu wa projekti. Mwaka wa nne wote wanajalidi kazi zao wiki moja, na duka linajaa hadi nje. Saa mbili usiku, siku ya mwisho ya kukabidhi, akaingia yule jamaa wa chumba kimoja. Sijui kama alijua nitakuwepo. Alisalimia bila kunitazama sana, "Niaje," akaweka flashi kwenye kaunta. Kopi nne, jalada gumu, herufi za dhahabu.

Nikafungua faili. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizokolezwa, kichwa cha utafiti wake kilihusu mtindo wa uongozi wa wakuu wa shule na matokeo ya wanafunzi. Alikuwa ameandika PRINCIPLES.

Kama hujaliona: mkuu wa shule ni *principal*, kwa A. *Principle* ni kanuni. Hii nayo ni jozi ya ukoo mmoja, maana zote zinarudi kwa *princeps* wa Kilatini, aliyeshika nafasi ya kwanza. *Principal* ni aliye wa kwanza, na *principle* ilitokana na *principium*, mwanzo, kile ambacho mengine yote yanajengwa juu yake. Nilikuwa nimeshaisoma, kwa sababu ukianza kufuatilia jozi moja huwezi kuacha. Utafiti wake, kama ulivyoandikwa, ulikuwa unauliza kama kanuni za shule zina mtindo mzuri wa uongozi.

Nitasema nilichokifikiria, kwa kuwa haina maana kuandika haya halafu nijifanye mtakatifu. Nilifikiria kunyamaza. Jalada gumu, herufi za dhahabu, kopi nne, moja ya maktaba, itakaa huko miaka. Ningeweza kupiga picha. Namba za wale wengine bado ninazo.

Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye mwenye masta kopi hapa. Kazi hii, tangu ilipokuwa na jina, ilikuwa ni hiyo: kusimama mahali pamoja na kuhakikisha kinachotoka ni sahihi. Digrii haikutajwa kwenye kile kiapo.

Nikageuza skrini. "Hebu tazama kichwa hapa."

Alitazama. Ilimchukua muda. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepitwa na basi la mwisho. "Na msimamizi amesaini hivyo," akasema.

"Iko kwa kichwa na sehemu zingine kama 60 ndani," nikamwambia. "Nimetafuta. Lakini usibadilishe zote kwa mpigo, kuna mahali umemaanisha kanuni kwelikweli. Keti, tupitie."

Tulipitia hadi saa nne kasoro. Mwenye duka alishafunga mlango wa mbele na alikuwa anahesabu pesa akitutupia jicho. Jamaa hakusema lolote kuhusu grupu, wala mimi. Alipomaliza kulipa alisimama mlangoni, begi begani, akatazama juu nje ambako bango limeangaziwa na taa ya barabarani.

"Ile kitu mliwahi kurekebisha?" akauliza.

Nikamwambia mchoraji alitaka 1,500, na mwenye duka alisema wateja wanaingia bila kusoma. Akacheka kidogo, nami nikacheka. Akaenda kukabidhi kazi yake asubuhi.

Mwezi huo nililipwa makala mbili. Nilimwita mchoraji kwa pesa yangu, tukapatana 800 kwa kuwa ni herufi moja tu. Akapanda ngazi. Safari hii aliuliza mara tatu. Rangi yake mpya haikukolea vizuri, na ukisimama steji ya upande wa pili jua likiwa la asubuhi, ile A bado unaiona chini ya E.